Jicho Halina Spea!

Mwenzenu nilikuwa Missoula, Montana, kule Marekani, kumtembelea braza. Milima kila upande, mto Clark Fork unakatiza katikati ya mji, na msimu wa kuwinda ukikaribia, stori ni kulungu tu. Jioni moja braza akanipeleka kwa jirani yake, mzee wa miaka sabini na kitu. Nikajua tunaenda kunywa kahawa. Wapi! Gereji nzima maganda ya risasi!

Mzee akishapiga risasi, ganda la shaba hatupi. Anang'oa fataki iliyolipuka, kisha analitia kwenye mashine inayotikisika, ndani yake mna, mtaniamini? magunzi ya mahindi yaliyosagwa! Linatoka linang'aa kama bangili ya bibi harusi. Analipaka mafuta, analibana kwenye kalibu lirudi umbo lake, maana baruti ikiwaka ganda hutanuka. Halafu anapima. La .30-06, risasi ya tangu 1906, lisizidi milimita 63.35. Likizidi, anakata.

Nami nikachagua moja, zuri kuliko yote, nikampa. Akaingiza waya wenye ncha iliyopinda, akapapasa ndani, akaguna. Karibu na kitako pana mfereji, shaba imekonda. Akaliponda kwa koleo, tupa kule.

"Mbona zima, mzee?"

"Likikatika, moto unarudi usoni. Jicho halina spea, kijana."

Siku hizi nikiona kitu kinang'aa, kwanza napapasa ndani. Ila nyie msijaribu mambo ya mzee: huku Bongo risasi ni kesi!