Matembezi katika Mji wa Bahia

Watu wa Pwani yetu wasikiapo jina la Brazili, aghalabu hukumbuka kahawa na mpira wa miguu. Wachache ndio wajuao kwamba katika nchi hiyo iko bandari kongwe ambamo, alfajiri ya mwezi 25 Ramadhani, mwaka 1250 wa Hijra, walionekana Waislamu weusi waliovaa kanzu nyeupe wakipigania uhuru wao barabarani. Bandari hiyo ni Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia, na watu wa zamani waliuita mji wenyewe kwa jina hilo hilo la Bahia, maana yake ghuba. Basi, ndugu msomaji, twende pamoja tukautembee, tuyaone wayaonayo wageni wote, kisha tuyatazame na yale ambayo wageni wengi huyapita bila kuyajua.

Ghuba hiyo Wareno waliifikia tarehe 1 Novemba 1501, siku ambayo Wakristo huwakumbuka watakatifu wao wote, wakaipa jina la siku hiyo. Mji ulijengwa mwaka 1549 na Tomé de Sousa, liwali wa kwanza, nao ukawa makao makuu ya Brazili mpaka mwaka 1763. Waholanzi waliuteka mwaka 1624, wakatolewa mwaka uliofuata. Hao Wareno ndio wale wale walioanza kuijenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593, na kwa ajili hiyo mtu wa kwetu atembeapo sokoni Bahia husikia maneno ambayo masikio yake yanayajua: meza huitwa mesa, bendera huitwa bandeira, kopo huitwa copo. Tena kuna neno moja la kustaajabisha. Kanisa kwa lugha yao ni igreja, nalo ndilo neno lililozaa gereza letu. Katika mji wenye makanisa mengi kama huu, mgeni kutoka Mombasa au Unguja huona magereza kila pembe!

Mji umegawanyika sehemu mbili, wa juu na wa chini, na katikati yake pana jabali lililosimama wima. Mji wa chini ni wa bandari na biashara. Wa juu ni wa serikali, makanisa na nyumba za wakubwa wa zamani. Tangu mwaka 1873 watu hupanda na kushuka kwa lifti iitwayo Elevador Lacerda, kwa jina la aliyeijenga. Urefu wake ni mita 72, na safari yake huisha kabla hujamaliza kumsalimu jirani yako. Zamani mizigo na watu wakubwa walipandishwa mteremkoni kwa mabega ya watumwa.

Ukishuka kwa lifti unakabiliwa na Mercado Modelo, soko la vitu vya mikono: nguo za kudariziwa, ngozi, vinyago, na zeze la uzi mmoja liitwalo berimbau. Jengo lenyewe lilikuwa forodha, lilimalizika mwaka 1861, na soko lilihamia humo mwaka 1971 baada ya lile la zamani kuungua. Wenye kutembeza wageni hupenda kusimulia kwamba vyumba vya chini vilikuwa vya kufungia watumwa walioshushwa kutoka Afrika. Mimi naona habari hiyo haisimami. Biashara ya kuleta watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku mwaka 1850, miaka kumi na moja kabla ya jengo kumalizika. Bahia ina machungu ya kweli ya kutosha, haina haja ya kuazimiwa mengine.

Huko juu, mtaa unaopendwa na wageni ni Pelourinho, wenye nyumba ndefu za ghorofa zilizopakwa rangi za samawati, manjano na waridi, na njia za mawe ziteremkazo kwa kasi hata mtu mzima humpasa ashike ukuta. Mwaka 1985 ulitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na kuanzia mwaka 1992 serikali ya jimbo iliutengeneza, na maskini wengi waliokuwa wakikaa humo wakahamishwa. Wapigao picha wengi hawaulizi maana ya jina. Pelourinho ni nguzo ya kuadhibia, ile ambayo mtu alifungwa akapigwa mijeledi mbele ya halaiki. Hapo karibu liko kanisa la Mtakatifu Francisco, ambalo ndani limefunikwa kwa jani la dhahabu kutoka chini hadi juu. Tarehe 5 Februari 2025 sehemu ya dari yake ilianguka, ikamwua mgeni mmoja, na kanisa likafungwa. Kwenye mteremko wa Pelourinho wenyewe pana kanisa la Rosário dos Pretos, ambalo watu weusi walianza kulijenga mwaka 1704 kwa mikono yao wenyewe, kwa kuwa makanisa ya mabwana hayakuwa yao.

Sasa tuondoke kwenye umati, tuelekee uwanja wa baraza la mji, kisha tuteremke njia iitwayo Ladeira da Praça. Ni njia kama njia nyingine. Lakini katika chumba cha chini cha nyumba moja ya mteremko huu, usiku wa Jumamosi tarehe 24 Januari 1835, walikusanyika Waafrika wapatao sitini kwa mzee Manoel Calafate. Wengi wao walikuwa Wanago, yaani Wayoruba, na baadhi Wahausa. Mwislamu wa Kinago aliitwa Malê, nasi tutawaita Wamale. Walikuwa wapagazi, mafundi, wachuuzi na wapishi, wengine watumwa na wengine walioukomboa utumwa wao kwa akiba ya senti. Usiku, kazi zikiisha, walisomeshana herufi za Kiarabu na sura fupi kwa kuandika juu ya mbao. Mbao zilipooshwa, maji yake yalinywewa kwa baraka. Msomaji ambaye nyanyake alipata kumwandikia kombe hahitaji kufasiriwa jambo hilo.

Mwalimu wao aliyeheshimiwa sana alikuwa mzee aitwaye Pacífico Licutan, mvingirisha tumbaku. Wanafunzi wake walichanga fedha mara mbili ili wamkomboe, na mara zote mbili bwana wake, tabibu, alikataa. Kisha bwana huyo akazama katika madeni, na wadai wake wakamkamatisha mzee kama mtu akamatishavyo ng'ombe, akatiwa jela ya baraza la mji kungoja kuuzwa kwa mnada. Wanafunzi walikuwa wakimwendea huko kutaka dua yake. Alipofikishwa baadaye mbele ya hakimu, alisema jina lake ni Bilali.

Wamale waliazimia kuinuka Jumapili alfajiri, saa ambayo watumwa hutoka kuteka maji, tena siku ambayo watu wengi wa mji wangekuwa wamekwenda Bonfim kwenye sikukuu ya kanisa. Ramadhani ilikuwa katika kumi lake la mwisho. Kilichoharibu mpango huo kilianzia nyumbani kwa mtu. Mwanamke mmoja huru, mke wa mmoja wa wale waliokula kiapo, aligombana na mumewe asubuhi ya Jumamosi. Usiku alimtafuta, akaambiwa kwamba mume wake yumo ndani na wenzake, na kwamba atatoka nchi itakapokuwa yao. Akaenda kwa shoga yake, shoga akamwambia jirani Mzungu, na kabla ya saa sita ya usiku habari zilikuwa zimefika kwa liwali wa jimbo. Waandishi wengine humlaani mwanamke yule. Mimi sioni kwamba aliuza watu. Naona alikuwa anataka mumewe arudi nyumbani akiwa hai.

Askari wa doria walibisha mlango wa Calafate saa saba ya usiku, na waliokuwa ndani wakatoka na panga kabla ya wakati wao. Mahali pa kwanza walipokimbilia ni jela, wamtoe mzee wao. Risasi za walinzi zikawapokea kutoka pande mbili za uwanja, wakashindwa. Mgeni asimamaye leo katika uwanja huo, akiitazama bahari kama wafanyavyo wageni wote, asimama mahali penyewe. Kutoka hapo walipigana mtaa hadi mtaa, wakaongezeka mpaka kufikia watu 600 hivi, wakashuka kwenye mji wa chini kutaka kutokea upande wa mashamba. Huko Água de Meninos walikutana na askari wa farasi. Wengine walikufa kwa risasi na farasi, wengine walijitosa baharini wakazama. Waliokufa walizidi sabini.

Água de Meninos ya leo ni mahali pa magari na maghala ya bandari. Karibu yake liko soko kubwa la São Joaquim, lenye dagaa, mawese, mbuzi na kelele, na gati ya kivuko kiendacho kisiwa cha Itaparica. Wageni hupita hapo mbiombio wasikose kivuko. Itaparica ni kisiwa kizuri cha minazi na fukwe, walakini mwenye haba ya siku sidhani atajuta akikikosa.

Polisi walipopekua nyumba za Waafrika baada ya vita, karatasi yoyote yenye maandishi ya Kiarabu ilikuwa ushahidi wa uasi. Karatasi hizo ziliwekwa, na nyingi zimo katika nyumba ya kumbukumbu ya jimbo la Bahia. Wataalamu walipozisoma kwa utulivu, hawakuona mipango ya vita. Waliona Bismillahi, aya za Qur'ani, dua za kinga, na mistari ya mwanafunzi aliyerudia herufi ile ile mpaka mkono ukanyooka. Kitabu kidogo kilichokutwa shingoni mwa mmoja wa waliouawa kimehifadhiwa Rio de Janeiro. Ama mzee Bilali, ambaye usiku ule wote alikuwa nyuma ya chuma na hakuinua hata fimbo, alihukumiwa mijeledi 1,200, ipigwe hamsini kwa siku. Wengi wengine walirudishwa Afrika kwa nguvu.

Uislamu haukufa siku ile, bali ulijificha. Mwaka 1866 merikebu za Sultani wa Istanbul zilisukumwa na dhoruba mpaka Rio. Imamu wao, Abdurrahmani al-Baghdadi, alistaajabu kuona watu weusi wakimtolea salamu ya Kiislamu. Alibaki akiwafundisha katika Rio, Bahia na Pernambuco, na aliyoyaandika yatia huzuni: alikuta watu wakifunga Shaabani wakidhani ndiyo Ramadhani. Kizazi hata kizazi wamesoma gizani bila kitabu wala mwalimu, na hesabu ya miezi imewapotea, lakini funga yenyewe hawakuiacha.

Leo Salvador ina watu kiasi cha 2,400,000, walio wengi ni wa asili ya Kiafrika. Siku ya Ijumaa utaona watu wengi wamevaa nyeupe. Wafuasi wa Candomblé husema ni kwa ajili ya mungu wao Oxalá. Wako wasemao ni athari ya Wamale. Mimi sidai. Chakula chao kitamfurahisha mtu wa kwetu. Moqueca ni samaki wa tui la nazi na mawese, kwa kotimiri na pilipili. Acarajé ni kunde zilizomenywa na kusagwa, zikakaangwa kwa mawese, yaani bajia zetu zilizonenepa, hupasuliwa zikatiwa kamba wakavu. Huuzwa njiani na akina mama wenye marinda mapana meupe. Chakula hicho kina mahali pake pia katika matambiko ya Candomblé, na mwenye kuchunga dini yake si aibu kumwuliza muuzaji. Ama nyama, Brazili huuza kuku wa halali katika nchi za nje kuliko nchi yoyote, lakini si kila mkahawa wa Bahia una habari nao; samaki atakuondolea shaka.

Jioni, wageni wote huenda Barra, kwenye ngome iliyo mlangoni mwa ghuba. Mnara wa taa wa kwanza ulisimamishwa hapo mwaka 1698, na uliopo sasa ni wa mwaka 1839. Ndani pana makumbusho ya mabaharia, na vitu vilivyoopolewa katika jahazi la vita Santíssimo Sacramento, lililozama karibu na hapo mwaka 1668. Brazili imeelekea mashariki, lakini kwa umbo la rasi hii jua huonekana likizama majini, na watu hukaa majanini kulitazama.

Mwenye kutaka jamaa kwa Magharibi au Ijumaa atauona msikiti katika mtaa wa Nazaré, kwenye Kituo cha Utamaduni wa Kiislamu cha Bahia. Mtu wa Pwani yetu, aliyezoea kuelekea kaskazini, hapo hana budi kugeuka: kibla ya Salvador ni mashariki, ikielemea kaskazini kiasi. Mstari huo ukiufuata juu ya ramani ya tufe, wavuka bahari yote na kuingia Afrika, kisha wapita katika nchi ya Wayoruba. Mnago aliyeswali Bahia aliielekea Makka, na kwao kulikuwa njiani.

Katika mtaa huo huo wa Nazaré uko uwanja wa Campo da Pólvora, wenye jengo la mahakama na kituo cha treni ya mji. Huko waliletwa, tarehe 14 Mei 1835, watu wanne waliohukumiwa kufa: Ajahi, Pedro, Gonçalo na Joaquim. Miti ya kunyongea ilikuwa tayari imesimamishwa. Alitafutwa mnyongaji, hata miongoni mwa wafungwa na kwa ahadi ya malipo, asipatikane mtu wa kukubali. Ikabidi wapigwe risasi na askari, wakazikwa katika makaburi ya watumwa na maskini yaliyokuwa karibu. Makaburi hayo yalisahauliwa muda mrefu. Mwezi wa Mei 2025 wachimbuzi wa mambo ya kale walifungua ardhi ya kiwanja cha kuegeshea magari katika mtaa huo, wakakuta mifupa ya watu.