Kuhama bila Kubadili Namba

Mama yangu ana simu ya laini mbili na kichwa chenye namba kumi na tano. Muulize namba ya shangazi wa Korogwe, atakutajia huku anakanda unga. Ya fundi bomba anayo. Ya imamu anayo. Mimi niliyesoma mpaka nikavuka bahari, na huu ni mwaka wa kumi na moja naishi Leipzig, nilikuwa naijua yake tu. Nyingine zote zilikaa kwenye simu, na simu ndiyo ilikuwa akili yangu.

Naanza na namba kwa sababu mitandao ya kijamii iliyogatuliwa, ambayo hapa Ujerumani huelezwa kwa michoro na mishale, mtu wa Ngamiani, Tanga, anaijua tayari. Ameshaiishi kwenye laini.

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, wenzake wakafuata, na kila kampuni ikajenga ukuta wake. Mama alikuwa anapika maandazi na vitumbua vya oda, na wateja wake walikuwa wa kila mtandao. Pesa ikitoka mtandao mwingine ilikuja na namba ya siri, uifuate kwa wakala. Basi Mama akawa na laini tatu: moja ndani ya simu, mbili amezifunga kwenye ncha ya kanga. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zikaanza kupokeana pesa moja kwa moja. Mwaka 2016 Vodacom ikaingia. Machi 2017 mtu akaruhusiwa kuhama kampuni bila kubadili namba. Fundo la kanga likafunguliwa na hakuna aliyelikumbuka tena.

Facebook, TikTok na X bado ziko enzi ya fundo la kanga. Aliye huku hawezi kumfuata aliye kule mpaka naye afungue akaunti kule, na ukichoka na mwenye nyumba unatoka mikono mitupu: wafuasi na salamu za miaka yote vinabaki kwake. Mastodon na ndugu zake, kama Pixelfed ya picha na PeerTube ya video, wamefanya kile ambacho kampuni zetu za simu zilikifanya. Ziko seva maelfu, kila moja na mwenyewe, na zinasikilizana kwa lugha moja. Itifaki hiyo inaitwa ActivityPub, na W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti, kiliipitisha Januari 2018. Anwani ya mtu ina jina lake na nyumba yake, kama barua pepe. Mimi niko seva ya Saxony, rafiki yangu yuko ya Uholanzi, na tunasomana kila asubuhi.

Aliyeianzisha Mastodon mwaka 2016, Eugen Rochko, alizaliwa Urusi na kuletwa Ujerumani akiwa na miaka 11. Chuo alisoma Jena, mwendo wa kama saa moja kwa treni kutoka hapa ninapoandika. Sidai kwamba aliitengeneza kwa sababu ya uhamiaji. Hayo ayaseme mwenyewe. Ila nilipolijua hilo niliona menyu ya Mastodon ya kuhamisha akaunti kwenda seva nyingine kwa jicho lingine. Mtu aliyewahi kufungasha anajua mizigo ni nini.

Mimi nilihamia Novemba 2022, kwenye lile wimbi. Elon Musk alikuwa ameinunua Twitter mwishoni mwa Oktoba, na punde wafanyakazi wa ofisi ya Accra, ofisi yao pekee Afrika, wakaachishwa kazi siku chache tu baada ya kuingia kwenye jengo lao. Kati ya Oktoba na Novemba watumiaji wa Mastodon walipanda kutoka takribani 300,000 kwa mwezi hadi milioni 2.5. Nilikuwa mmoja wao, na kama wahamiaji wote nilianza kwa kupotea. Niliulizwa kwanza: unataka seva ipi? Nikakaa na swali hilo jioni nzima, maana sikuwahi kuulizwa na mtandao nataka kuishi mtaa gani.

Nilichagua seva ndogo ya wapenda baiskeli na bustani. Huko nikakuta utaratibu ambao kwetu ungeitwa wa balozi wa nyumba kumi. Msimamizi anajulikana kwa jina, kanuni zimebandikwa mlangoni, na ukikosea unaitwa pembeni kwanza. Hakuna mashine inayokupangia ugomvi ili usiondoke. Machapisho yanakuja kwa mpangilio wa saa, kama mazungumzo ya barazani: ukiwepo umesikia, ukichelewa utahadithiwa.

Wiki ya pili niliweka picha ya sahani yangu: ugali, dagaa na mlenda. Nikaandika tu, “Leo nimekula kwetu.” Baada ya dakika kumi mtu ambaye simjui akaniandikia kwa Kijerumani, kwa adabu, kwamba yeye haoni, anasomewa skrini na programu, na picha yangu kwake ni ukimya. Ningeweza kuieleza? Kule ni desturi: picha huandikiwa maelezo. Nikaanza. Ugali, rahisi. Dagaa, rahisi. Mlenda ukanitoa jasho. Niliandika kwamba ni mboga ya kijani inayovutika, ukiinua tonge inakuja na uzi mrefu mpaka uukate kwa kidole, na kwamba utoto wetu tulishindana nani uzi wake utafika mbali. Akajibu: “Sasa naiona.” Miaka yote ya Facebook nilipata vidole gumba kwa mamia, na sikumbuki hata kimoja. Jibu hilo nalikumbuka.

Lakini asali haikosi nyuki. Mtani wangu, Mnyamwezi wa Tabora anayeishi Uholanzi, aliandika kwamba ana mafua. Nikamjibu kama mtani anavyojibiwa: kufa upesi, nimeshamkumbusha mpishi wa matanga asisahau pilau. Yeye akacheka. Kesho yake nikapata ujumbe wa msimamizi. Mtu alikuwa ameripoti, mashine ya kutafsiri ikawa imetoa kitisho cha kifo, na balozi wetu wa Kijerumani, mtu mwema kabisa, aliniuliza kama mimi na yule bwana tuna uhasama. Nilimwandikia aya tatu juu ya utani: kwamba mtani anaweza kulia msibani na dakika ileile kuigiza marehemu alivyokuwa akichechemea, na wafiwa wakashukuru. Alielewa, akafuta ripoti. Nami nikaelewa jambo. Kanuni nzuri, msimamizi mzuri, na bado ndani ya nyumba ile lugha yangu ilihitaji wakili.

Mwaka uliofuata msimamizi huyo akachoka. Alikuwa anafanya kazi ya ofisini mchana, na usiku anasuluhisha watu wazima wanaogombana juu ya taa za baiskeli. Akatangaza kuifunga seva, akatoa miezi mitatu, muda ambao seva zilizo kwenye orodha rasmi ya Mastodon huahidi kuutoa kabla ya kufunga. Nikafungasha. Unafungua akaunti nyumba mpya, unaitambulisha kwa ile ya zamani, unabonyeza. Nilikaa na kikombe cha chai nikiangalia namba inapanda: wafuasi arobaini, tisini, mia mbili na kitu, wanakuja wenyewe mmoja mmoja bila mimi kuomba.

Machapisho hayakuja. Ndivyo ilivyoundwa: watu wanahama nawe, maneno yanabaki. Unapewa faili ya kumbukumbu uipakue, na hiyo faili huwezi kuipandikiza nyumba mpya. Ule mlenda umo humo kwenye kompyuta yangu, katika folda ambayo hakuna msomaji atakayeifungua. Na sisi tuliotoka tumeyaona haya kabla ya intaneti: ndugu wanakufuata kwa simu popote uendapo, lakini kitanda chako Tanga anakilalia mwingine, na hilo si kosa la mtu.

Kwa hiyo nyumba hii ya huku ina mengi ya kusifiwa. Tatizo ni kwamba Mama hayumo. Shangazi hayumo. Katika watu thelathini wa kundi letu la ukoo hakuna hata mmoja aliyemo, na sababu yake si ushamba. Kampuni za simu nyumbani huuza vifurushi vya mitandao ya kijamii vyenye WhatsApp, Facebook na Instagram kwa bei ya kutupa. Nje ya hapo kila picha inakula bando la kawaida. Mtu anayehesabu MB kabla ya kufungua video ya mjukuu hatafungua seva ya Saxony kwa sababu mwanawe anapenda uhuru. Nilimweleza Mama habari zote za Mastodon, za milango wazi na kuhama bila kubadili namba. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na huko yupo nani tunayemjua?”

Sikuwa na jibu, na swali hilo lilinirudia Jumatano ya tarehe 29 Oktoba 2025. Ilikuwa siku ya uchaguzi Tanzania. X ilikuwa imezuiwa tangu Mei, na watu walikuwa wamezoea kuipitia kwa VPN, ambayo nayo ilitakiwa isajiliwe. Siku hiyo intaneti yenyewe ikazimwa, ikawa hivyo siku kadhaa. Nilimwandikia Mama WhatsApp: “Shikamoo Mama, mko salama?” Tiki moja. Nikaenda kazini, nikarudi: tiki moja. Tanga saa mbili mbele yetu, kule ni usiku, tiki moja. Nikaandika Mastodon kwa Kijerumani kwamba nyumbani hakupatikani. Watu wema wakamiminika. Wakasambaza, wakanipa pole, wakanitumia viungo vya habari. Nilikuwa nimezungukwa na mamia ya watu na hakuna hata mmoja aliyeweza kugonga mlango wa Ngamiani.

Hapo ndipo niliacha kuihubiri ile mitandao kama dini. Kugatua seva kunakusaidia mwenye nyumba akibadilika, akiuza, akifukuza, akifunga. Barabara yenyewe ikifungwa, nyumba elfu zilizogatuliwa na nyumba moja ya tajiri ziko gizani sawasawa.

Nilimpata Mama kwa simu ya kawaida, siku ya pili, sauti ikikatika.

“Marahaba mwanangu. Sisi wazima. Mbona hukupiga jana?”

“Nilikuandikia, Mama.”

“Kuandika ni kuandika. Ungepiga.”

Sasa niseme ninachokiamini, baada ya kukaa kote kuwili. Sitamhamisha Mama, na sitarudi kuchapisha kwenye nyumba ya tajiri. WhatsApp yangu inabaki ya misiba, harusi na picha za wajukuu, kwa sababu watu wako huko na nyumba ni watu. Mastodon inabaki mahali ninapoandika nikijua kesho naweza kuondoka na walionisikiliza. Mwenye kwao kuwili hana haja ya kuchagua. Ana haja ya kujua kila nyumba inampa nini na inamnyima nini.

Lakini liko jambo ambalo sisi wa ughaibuni tunaweza kulifanya na hatujalifanya vya kutosha. Kumwambia shangazi apakue programu sio jambo hilo. Tuwe na mitaa yetu wenyewe: seva yenye kanuni zilizoandikwa kwa Kiswahili na wasimamizi wanaojua tusi ni lipi na utani ni upi. Kodi ya seva ndogo kwa mwezi haifiki mchango wa mtu mmoja wa harusi, na michango ndiyo kazi tunayoijua kuliko zote. Tuna kamati, mweka hazina na daftari la ahadi. Kinachogharimu ni mtu wa kukaa usiku asuluhishe. Basi wawe wengi, wapokezane, asichoke mmoja tukafungiwa. Rochko mwenyewe Novemba 2025 aliachia uongozi wa Mastodon, shirika likaendelea bila yeye. Na funguo zisikae ughaibuni peke yake. Orodha ileile rasmi inataka angalau watu wawili wenye uwezo wa kuingia kwenye mitambo ya seva wakati wa dharura. Mmoja wao awe Tanga, au Kigoma, au Mombasa. Tukishika umeme, kadi ya benki na funguo zote sisi wa huku, tutakuwa tumejenga kampuni nyingine ya mbali inayoamua juu ya watu isiowaona.

Mlango huo ukifunguliwa, wa nyumbani wataingia siku ambayo wao wenyewe watapenda, na watakuta kuna wanayemjua.

Hadi siku hiyo, msomaji mwenzangu wa Leipzig, Muscat au Minneapolis, chukua karatasi. Andika namba tano za watu wa kwenu, za simu ya kawaida, uzisome kila siku mpaka ziingie. Mimi nimeshika nne. Ya tano, ya shangazi wa Korogwe, bado inanichanganya tarakimu mbili za mwisho, na Mama kila nikipiga ananisomesha upya.