Nimefika Muscat mara mbili, mtaa hata mmoja sijauona!

MSOMAJI wangu, kama una mshikaji aliyekuaga wiki hii kwamba anakwenda Dubai "kutazama mazingira", mkatie ukurasa huu umpelekee kabla hajapanda ndege. Hata mimi nilikwenda kutazama mazingira. Niliyatazama kwa karibu miezi sita, na anayejua vizuri yalinigharimu nini ni dada yangu.

Ilikuwa Januari 2023. Nilikuwa na kibanda changu Kariakoo, nauza chaja na makava ya simu, nabadilisha na vioo. Hakikuwa kibaya, nilikuwa nakula na kulipa kodi. Lakini kijiweni kwetu Magomeni walikuwepo jamaa wawili waliorudi toka Dubai na raba nyeupe na maneno mengi, basi kila nikifungua kibanda asubuhi nakiona kama jela. Nikakiuza pamoja na mzigo wake. Pesa haikutosha. Dada yangu Zuhura, fundi cherehani, akakopa milioni mbili kwenye kikoba chao, akaweka cherehani yake ya umeme kuwa dhamana. Nikapata tiketi na viza ya kutembea ya siku 60.

Mpango ulikuwa mwepesi kama unavyosimuliwa kijiweni: ndani ya siku 60 unapata kazi, mwenye kazi anakubadilishia karatasi, Bongo unarudi kwa likizo tu, tena na begi la magurudumu.

Siku 60 si nyingi, ndugu yangu. Kumi za kwanza unashangaa maghorofa. Kumi zinazofuata unazunguka na karatasi za kuombea kazi kwenye jua, kila unayemwendea anakuuliza swali moja: "Viza gani?" Ukisema ya kutembea, anakwambia acha namba. Nililala Deira, upande wa Naif, chumba kimoja watu wanane, vitanda vya juu na chini. Kitanda dirham 500 kwa mwezi. Pazia lako ndiyo nyumba yako.

Ieleweke hapa kwamba viza ya kutembea hairuhusu kufanya kazi. Mwajiri akikutwa na mtu wa namna hiyo, wakati ule faini yake ilianzia dirham 50,000. Tangu Agosti 2024 inaanzia 100,000 na inaweza kufika milioni moja. Kwa hiyo anayekuchukua anakuchukua kwa kificho, leo yupo kesho humwoni. Mimi nilipata deiwaka ya kufunga mizigo ya kupakia kwenye kontena, dirham 60 kwa siku, siku tatu au nne kwa wiki. Ukitoa kitanda na chapati, mfukoni unabaki na funguo.

Siku zilipobaki tisa, wenzangu chumbani wakanipeleka kwa wakala.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mabegi. Kijana wa kaunta alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alinieleza kwa Kiingereza cha haraka, huku akipiga muhuri karatasi za watu wengine. Wenyewe wanaiita uwanja kwa uwanja. Asubuhi unapanda ndege, pasi inagongwa muhuri wa kutoka. Unashuka nchi ya jirani, lakini hutoki nje ya uwanja, unakaa kwenye viti na kusubiri. Huku nyuma wakala anaombea viza mpya, yeye ndiye mdhamini wako. Ikitoka anakurushia kwenye simu, unapanda ndege ya kurudi, unagongewa muhuri wa kuingia, unaanza kuhesabu siku upya.

Kumbe wakati wa korona, kuanzia 2020, watu walikuwa wanabadilishiwa viza humo humo ndani bila kutoka. Desemba 2022 utaratibu huo ukabanwa, na biashara ya kutoka na kurudi ikafufuka. Mimi nilifika mwezi mmoja tu baadaye, mawakala wamenoa visu. Bei yangu ilikuwa dirham 1,350, tiketi na viza ndani yake. Kwa hela yetu wakati ule ilikaribia laki tisa.

Chumbani alikuwepo mzee mmoja wa Mombasa, amekaa kule miaka mingi. Usiku ule aliniona nahesabu noti, akacheka.

"Nyinyi mwaenda kwa raha," akaniambia. "Siku zetu sisi, mwanangu, ilikuwa ni Kish."

Kish ni kisiwa cha Iran, humo humo kwenye Ghuba, kwa ndege haifiki saa moja toka Dubai. Kuingia hapo huhitaji viza, ndiyo maana watu walikuwa wakitupwa huko kusubiri karatasi mpya, wengine siku, wengine wiki. Mzee akanikumbusha ajali ya tarehe 10 Februari 2004, ndege ya Kish Air ikitokea kisiwani humo ilianguka wakati ikijiandaa kutua Sharjah. Ndani walikuwemo watu 46, wakafa 43, miongoni mwao wafanyakazi wa kigeni.

"Wamekwenda kutafuta muhuri," akasema, akavuta pazia lake akalala. Mimi asubuhi nikaenda kulipa.

Safari ya kwanza, Machi, ilikuwa laini kama siagi. Muscat masaa saba, nikala mkate niliokuja nao, viza ikaingia, nikarudi usiku. Nikiwa pale nilijipiga picha mbele ya kioo kikubwa, ndege zinaonekana nyuma, nikaituma kijiweni: "Nipo Oman kidogo, mambo ya kibiashara." Wakajibu: "Kaka umetisha!" Nikajiona mtu.

Unaona ugonjwa ulivyoanza? Sikuwa na biashara. Sikuwa hata na ruhusa ya kutoka nje ya mlango wa uwanja. Lakini tayari nilikuwa na jina la kulinda.

Mei ikafika. Kazi hakuna, deiwaka imepungua, na siku zimebaki kumi na mbili. Wakala bei imepanda, dirham 1,450. Nikampigia dada.

"Zuhura dada'angu, hii ndiyo ya mwisho. Kazi imeshaiva, wanasubiri tu viza mpya."

Kazi haikuwa imeiva. Haikuwa hata imeinjikwa.

Dada akakaa kimya kidogo. "Niliyonayo ni ya marejesho ya kikoba, mdogo wangu. Na mwezi uliopita sikupeleka yote."

"Wiki mbili tu, dada. Narudisha na ya juu."

Akaituma jioni ile ile. Hakuniuliza mara mbili.

Safari ya pili tulikuwa abiria kumi na wawili wa wakala mmoja. Mfilipino mmoja, dada wa makamo, alikuwa anaifanya kwa mara ya tano. Tuliambiwa masaa manne. Masaa manne yakapita, yakapita manane. Wenzetu wakaanza kuitwa mmoja mmoja kwenye simu zao, wanaondoka na tabasamu. Usiku tukabaki wanne. Nampigia wakala, anasema mfumo uko chini. Nampigia tena, anasema kesho asubuhi. Baadaye hakupokea.

Kulala kwenye kiti cha chuma chenye vishikio ni kazi, tena kazi isiyo na malipo. Njaa nayo ina bei: riyali moja ya Oman ni zaidi ya dirham tisa. Nilinunua chai na andazi, nikajikuta nimekunywa mshahara wa nusu siku.

Asubuhi nikiwa nanong'ona kwenye simu na Side, mshikaji wangu wa Deira, mama mmoja wa Kiomani, mfanyakazi wa pale uwanjani, akasimama mbele yangu. Kiswahili chake ni cha Unguja kabisa. Baadaye aliniambia mama yake alizaliwa kule.

"Wewe kijana si ndiye uliyekaa papa hapa mwezi wa tatu?"

"Shikamoo mama. Ndiye mimi."

"Marahaba. Sasa hasa wewe wakaa wapi?"

Msomaji, nilifungua mdomo nikakosa jibu. Dubai? Dubai nina pazia. Dar? Kibanda nimeuza. Nikasema: "Napita tu, mama." Akaniangalia, akaondoka, akarudi na maziwa ya mgando na mkate. Hakusema neno jingine. Nilikula nimeinamisha kichwa.

Saa sita mchana ukaingia ujumbe wa sauti wa dada. Nilidhani ananiulizia viza. Alikuwa anaongea polepole: "Mdogo wangu, usishtuke. Watu wa kikoba wamekuja leo, wamechukua cherehani. Nimewaambia nitaikomboa. Wewe shughulika na viza yako kwanza."

Angenitukana ningepona. Nilitoa karatasi ya kupandia ndege, nikageuza nyuma, nikaanza hesabu ambayo nilikuwa naikwepa tangu Machi. Wakala, mara mbili, 2,800. Chai na andazi za uwanjani, 110. Kitanda miezi minne, 2,000. Jumla dirham 4,910, hapo sijaweka chakula cha Deira. Nilichoingiza kwa kufunga mizigo miezi yote ile hakikufika 3,500.

Sasa kama kazi haipo na hesabu haiingii, nilikuwa nanunua nini? Nilijijibu mwenyewe pale kwenye kiti. Nilikuwa nanunua siku za kutoonekana Magomeni. Kila siku 60 nilizolipia zilikuwa siku 60 za kutoulizwa umerudi na nini. Na wakala anaijua hiyo biashara kuliko wewe. Hakuniuliza hata mara moja kama nimepata kazi. Angeuliza ili iweje? Ningepata kazi, angempoteza mteja.

Viza iliingia jioni, baada ya masaa kama thelathini hivi. Nikarudi Dubai, lakini sikurudi yule yule. Nikafunga mizigo, nikaacha sigara, nikakopa kidogo kwa mzee wa Mombasa, nikanunua tiketi ya kuja nyumbani. Nilitoka wiki ya kwanza ya Julai, siku zangu hazijaisha. Kabla sijaondoka yule kijana wa kaunta alinitumia ujumbe: mwezi wa saba nitakufanyia bei.

Side alibaki. Alisema mimi mwoga. Viza yake ilipoisha hakuwa na hela ya kwenda tena uwanja kwa uwanja, akapitiliza. Faini ya kupitiliza ni dirham 50 kwa siku. Wakala, kwa kuwa ndiye mdhamini, akamripoti ametoroka, akataka apewe pesa ndipo aifute ripoti. Alijificha zaidi ya mwaka mzima, hesabu ya siku 400 peke yake ni dirham 20,000. Kilichomwokoa ni msamaha wa serikali ya kule, ulioanza tarehe 1 Septemba 2024 ukaongezwa muda mpaka 31 Desemba. Akasamehewa faini, akaruhusiwa kuondoka. Alirudi na mfuko mmoja wa nailoni. Nilikwenda kumpokea mwenyewe, na sikumwuliza amerudi na nini.

Sisemi usiende. Wapo waliokwenda wakapata, nawajua. Nasema kabla hujamlipa wakala dirham hata moja, jiulize: hizi siku ninazoongeza zina kazi ninayoijua kwa jina, au naongeza tu? Kama ipo, mwambie mwenye kazi akuandikie barua kabla siku hazijaisha. Muulize wakala kwa maandishi viza ikichelewa nani analipa chakula na malazi, na ukichelewa kutoka atakufanya nini. Lipa uchukue risiti ya ofisi, siyo hela kwenye simu ya mtu binafsi. Na hela ya tiketi ya kurudi uifunge kwenye kitambaa, usiiguse hata ukilala njaa.

Cherehani tuliikomboa Desemba 2023. Nilifanya kazi kwenye kibanda cha mtu mwingine, jirani tu na pale kilipokuwa changu, kila Jumamosi napeleka hela kikoba mwenyewe kwa mkono wangu. Siku tuliyoirudisha, dada aliifuta vumbi, akatia uzi, akashona pindo la kanga lililokuwa linasubiri. Hakusema kitu. Mimi nilisema pole, akasema: "Shika hapa, usivute."

Kijiweni niliogopa bure. Walicheka wiki moja, wakahamia kwa Simba na Yanga. Ila mmoja hakusahau ile picha.

"Kaka, hebu tupe habari. Oman kukoje?"

Nikamwambia ukweli: "Viti vyake vigumu."