Mifupa ya Milima ya Tugen na Kitabu cha Mwanzo

Katika mtaa wa Pioneer, Eldoret, palikuwa na kijana wa kidato cha nne aliyerudi nyumbani siku moja na karatasi yake ya jaribio la Bayolojia. Kurasa zote zilikuwa zimejazwa vizuri, ila mmoja tu, nao ulikuwa mweupe kana kwamba umetoka dukani. Ukurasa huo ulihusu mageuko ya viumbe. Babu yake, karani mstaafu na mzee wa kanisa, alidhani mtoto hakusoma, akaanza kumkemea. Kumbe majibu yote alikuwa nayo kichwani. Akayataja moja baada ya jingine bila kukosea.

"Basi kwa nini hukuyaandika?"

"Niliogopa, babu. Nikiandika kwa mkono wangu kwamba mwanadamu ametokana na viumbe vilivyomtangulia, si nitakuwa nimemkana Mungu?"

Mzee alinyamaza. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi mitatu, na kijana alikusudia kusomea udaktari. Lakini mzee huyo huyo ndiye aliyemfundisha kusali tangu hajajua kuvaa viatu. Akasema, "Mjukuu wangu, nipe siku chache nifikiri."

Hofu ya kijana haikuanzia Pioneer. Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi yalipokuwa yakitengenezwa upya, askofu Boniface Adoyo alipinga kuwekwa mbele ya watu mifupa ya kale kama ushahidi wa asili ya mwanadamu. Miongoni mwake ni ile ya mtoto wa Turkana, ambaye kipande cha kwanza cha fuvu lake kiliokotwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984, naye aliishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Richard Leakey aliitetea mifupa kwa maneno makali. Makumbusho yalipofunguliwa tena mwaka 2008, mifupa ilionyeshwa. Lakini wengi waliofuata ugomvi ule walibaki na fikira kwamba lazima mtu achague, ama mifupa ama Kitabu.

Wakazi wa Eldoret hawana haja ya kwenda mpaka Nairobi kuliona jambo hili. Ukipita Iten, ukashuka bonde la Kerio, kisha ukapanda upande wa pili, unaingia milima ya Tugen. Huko, mwaka 1974, Martin Pickford alipata jino moja la kale. Na mwaka 2000 yeye, pamoja na Brigitte Senut wa Ufaransa na wenzao, wakapata mifupa mingine, na mfupa wa paja ukiwamo. Kiumbe huyo wakamwita Orrorin, jina la Kitugen la mtu wa asili. Umri wake ni yapata miaka milioni 6. Neno Pioneer maana yake ni mtangulizi, na kweli Wakaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908 kwa magari ya kukokotwa na maksai, Biblia zao zikiwa ndani, walijiona watangulizi. Ng'ambo ya bonde walikuwapo waliowatangulia kwa muda mrefu kidogo.

Umri huo haukukisiwa tu. Mifupa imelala kati ya tabaka za mawe ya volkano, na ndani ya mawe hayo mna potasiamu ambayo sehemu yake hugeuka kuwa hewa iitwayo agoni, polepole, kwa mwendo usiobadilika. Mtaalamu hupima kiasi gani kimekwisha kugeuka, kama vile karani ajuavyo siku za deni kwa kutazama riba iliyokusanyika.

Na aonaye kuwa mambo haya yaliletwa na maadui wa dini, na aikumbuke nyumba moja ya Kabete. Canon Harry Leakey alikuwa mmisionari, akafanya kazi ya kuitafsiri Biblia kwa Kikuyu. Mwanawe Louis, aliyezaliwa hapo hapo Kabete mwaka 1903, katika ujana wake alitaka kuwa mmisionari kama baba yake. Kisha akawa ndiye aliyeongoza uchimbaji wa mifupa ya kale katika Afrika ya Mashariki. Kitabu na mifupa vilitoka katika boma moja.

Siku zile mzee wa Pioneer alikisoma tena kitabu cha Mwanzo, polepole, kama asomavyo mtu mkataba kabla ya kutia sahihi. Katika sura ya kwanza mwanadamu anaumbwa mwisho, baada ya wanyama. Katika sura ya pili mtu anatangulia, kisha wanyama wanaletwa kwake awape majina. Jua lenyewe linatokea siku ya nne. Basi siku tatu za kwanza zilipimwa kwa jua lipi? Swali hili si la makafiri. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alilipima zaidi ya miaka elfu moja na mia nne kabla ya Charles Darwin kutoa kitabu chake mwaka 1859. Akawaonya Wakristo wasijiaibishe kwa kunena yasiyo kweli juu ya nyota na wanyama huku wakisema ndivyo Maandiko yanavyofundisha. Mwaka 1950 Papa Pius wa Kumi na Mbili naye aliruhusu asili ya mwili wa mwanadamu ichunguzwe, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Na Waislamu husoma katika Kurani kwamba siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu ya hesabu ya watu, ingawa wengi wao husema Adamu aliumbwa pasipo wazazi.

Kwa hiyo shida ya siku sita si kubwa kama inavyodhaniwa. Mwiba uko kwa Adamu. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, anasema kifo kiliingia ulimwenguni kwa mtu mmoja. Na milima ya Tugen imejaa viumbe waliokufa zamani sana kabla ya mtu. Wako wasemao kwamba kifo anachokitaja Paulo ni kile cha roho. Huenda ndivyo, lakini asiyeona ugumu hapo hajasoma kwa makini. Vile vile mtaalamu asemaye kwamba mfupa wa paja umethibitisha hakuna Mungu, amedai zaidi ya alichochimbua.

Jumamosi mzee akamchukua mjukuu wake mpaka joshoni. Akamwuliza, "Mbona dawa ya zamani ya kupe tuliiacha?"

"Kupe waliizoea, babu."

"Waliizoeaje? Kupe anywaye dawa akafa, atajifunza lini?"

Kijana akafikiri. "Waliokufa walikufa. Walionusurika ndio waliozaa."

"Basi hayo ndiyo uliyoyaacha bila kuandika. Yanatendeka hapa katika ngozi ya ng'ombe wetu, na sijasikia mchungaji akiyaita dhambi."

"Na Adamu je, babu?"

Mzee aliegemea ua wa josho, akakaa kimya mpaka ng'ombe wawili wakapita majini. "La Adamu mimi mwenyewe bado linanisumbua," akasema, "nami sitakudanganya. Lakini mwalimu wako hakukuuliza unamwamini nani. Alikuuliza wataalamu wameona nini na wameelezaje. Mjibu alichouliza."

Jioni ile, taa ilipowashwa, kijana akaitoa ile karatasi, akaanza kuandika katika ukurasa mweupe, ingawa alama zilikuwa zimekwisha kutolewa.