Gari Lisilo na Bati

Ukitaka kujua Mwanza ina magari mangapi ya wazi, simama asubuhi moja pale kipilefti cha Samaki uhesabu. Utahesabu IST, Probox, Noah, Hiace za Igoma na Buhongwa, bajaji na bodaboda mpaka uchoke. Yasiyo na paa utakayoyaona ni pikapu zilizopakia dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba. Basi.

Ndiyo maana jamaa yangu aliponipigia kuniambia kwamba Nyakato kuna Mazda Roadster nyekundu inauzwa milioni saba na nusu, niliiacha habari niliyokuwa naiandika (ya bei ya sangara, kama mnataka kujua) nikapanda daladala.

Kwa wasiolijua, hicho ni kigari cha viti viwili, paa la turubai linalokunjwa kwa mkono, na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. Ulaya wanakiita MX-5. Hili lilikuwa la mwaka 2001, toleo la pili, lile lililotengenezwa kati ya 1998 na 2005. Sasa piga hesabu. Ukiagiza gari la umri huo kutoka Japani unakutana na ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na juu yake asilimia 30 ya uchakavu kwa kuwa limezidi miaka 10. Ndugu zetu wa Kenya hawana hata hesabu ya kupiga, kwao mtumba uliozidi miaka 8 hauingii. Kwa hiyo milioni saba na nusu, gari liko barabarani na lina namba D, ilikuwa bei ya ajabu. Na bei ya ajabu huwa ina maelezo yake.

Muuzaji ni kaka mmoja mkarimu sana. Aliniagizia soda kabla hajanionyesha gari. (Muuzaji akikupa soda kabla ya gari, inywe taratibu.) Akaniambia gari lilikuwa la Mzungu wa mgodini. Wasomaji wangu mmeshanunua magari, mnajua kwamba kila gari la mtumba nchi hii ama lilikuwa la Mzungu ama la mwanamama aliyekuwa analiendesha kwenda kanisani tu. Nikamwomba kadi. Akanipa. Nikamwomba na mkataba alionunulia yeye. Hapo akakuna kichwa.

"Kaka, karatasi ya nini tena? Gari si unaliona?"

Karatasi ikaja baada ya nusu saa. Kumbe alilinunua Dar es Salaam kwa zabuni ya kampuni ya bima. Mwenye gari wa kwanza alipata ajali, bima ikapiga hesabu ikaona kulitengeneza ni gharama kuliko thamani yake, ikamlipa mtu wake, ikabaki na gari. Gari la namna hiyo huuzwa kama mabaki. Yale matangazo madogo magazetini, ya magari yanayouzwa "kama yalivyo, pale yalipo", mengi ndiyo haya. Mtu analinunua, analipeleka gereji, linanyooshwa, linapigwa rangi, linarudi barabarani na namba yake ile ile.

Marekani gari likishafika hapo, hati yake ya umiliki inawekwa alama, na alama hiyo inalifuata maisha yake yote. Bei inashuka, lakini mnunuzi anajua anachonunua. Japani wanayo karatasi ya mnada, gari lililotengenezwa baada ya ajali linaandikiwa herufi R au RA. Kadi niliyoishika pale Nyakato ilikuwa na namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, ukubwa wa injini, idadi ya viti, hadi uzito. Ajali hakuna. Kwa mujibu wa kadi ile, gari lile halijawahi kukwaruzwa hata na mbuzi. Ni mimi tu na yule kaka, na karatasi aliyotaka kuiacha nyumbani.

Nadhani hapo wengi wangeaga. Mimi nilimpigia fundi.

Fundi wangu ana gereji yake Mabatini, chini ya mwembe. Ni mzee wa maneno machache na ana sumaku mfukoni. Alianza nayo. Sumaku ikishika ni bati, ikianguka ni puti. Ubavu wa kulia ilishika kote. Kona ya mbele kushoto ilianguka mara tatu. Akawasha swichi bila kuwasha injini, akaniambia nitazame taa za dashibodi. Taa ya eabegi inatakiwa iwake sekunde chache halafu izime yenyewe. Hii haikuwaka kabisa. Mtu alikuwa ameing'oa balbu ili asiulizwe. Maana yake eabegi zilishapasuka siku ya ajali na hazikurudishwa, na ule mfuniko mzuri wa usukani ulikuwa mfuniko tu.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulijua. Gari la kawaida, alinieleza, lina paa, na paa linasaidia kulishika gari lisijikunje. Hili halina. Nguvu yake yote iko kwenye sakafu na kwenye vizingiti chini ya milango. Kama ajali ilifika huko, hata ulipake rangi ya dhahabu, gari limekwisha. Akaweka jeki nyuma ya gurudumu la mbele, akanyanyua upande mmoja, akaufungua mlango. Akaufunga. Akaufungua tena. Ulifunga vilevile, bila kugusa nguzo. Akahamia upande wa pili. Vilevile. Akainua zulia nyuma ya viti, akaingiza waya kwenye vitundu vya kutolea maji ya mvua, maana vikiziba maji hujaa ndani ya vizingiti na kutu inakula kimyakimya. Yakatoka majani makavu na udongo kidogo. Kutu ilikuwepo, ya juu juu.

Nikamwuliza, "Mzee, ninunue?"

"Mwanangu, mimi nimekwambia liko vipi. Hilo la kununua ni la kwako."

Rafiki yangu tunayefanya naye kazi alinishambulia siku mbili nzima. Gari la ajali, kwake, lina mkosi. Nikamkumbusha Liemba ya Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 wakati ule ikiitwa Graf von Götzen, ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika kwa jina jipya. Na hapa kwetu, MV Victoria ya mwaka 1961 ililala miaka kadhaa, ikakarabatiwa, ikarudi majini 2020, na watu wa Bukoba wakaipanda. Akanijibu kwamba ukarabati wa meli ile ulitangazwa hadi redioni, sisi wenyewe tuliuandika, ila wa gari langu alikuwa anaujua mtu mmoja tena aliyetaka kunyamaza. Sikuwa na jibu, na kusema kweli ndicho kitu kilichonikera kuliko puti.

Basi nikarudi Nyakato na masharti mawili. La kwanza bei, milioni tano na laki mbili, kwa sababu eabegi hakuna na bima kubwa sehemu mbili nilizouliza waliniambia hawaiandiki, niridhike na bima ndogo. La pili, mkataba wa mauziano uandikwe wazi kwamba gari hili lilipata ajali, bima ikalipa, likauzwa kama mabaki.

Bei tulivutana robo saa tu. Sharti la pili lilitaka kutugombanisha. "Sasa ukitaka kuliuza wewe utalionyesha hilo?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayetaka kula sabuni. Mwanasheria aliyetuandikia akacheka, akasema watu binafsi wakiuziana gari sheria inamwachia mnunuzi kazi kubwa ya kufungua macho, na kwamba maandishi yale yanamlinda muuzaji pia, kwa kuwa kesho hawezi kushtakiwa kwa kuficha. Hilo ndilo lililomshawishi. Akasaini.

Nyumbani nilipitiwa na kesi nyingine. Pesa ile ilikuwa ya kiwanja Kisesa, na mama alikuwa anajua hadi jina la mjumbe wa mtaa wa huko. Alitoka nje, akalizunguka gari mara moja, akaweka mkono kwenye turubai.

"Wenzako wanahangaika kuezeka, wewe umenunua kisichoezekwa?"

Nikamweleza kwamba nimebakiza milioni mbili na kidogo, kiwanja kitachelewa mwaka mmoja. Akaniuliza kama ningepakia gunia la mchele humo. Nikasema hapana. Akaniuliza kama yeye na baba wanaweza kupanda pamoja. Nikasema viti ni viwili na dereva ni mmoja. Akaingia ndani. Jioni alikubali nimpeleke hadi Capri Point, akafunga kitenge kichwani vizuri, na hakusema neno mpaka tuliporudi, isipokuwa kulalamika kuhusu wale wadudu wa ziwani waliotuingia machoni. Hawa sikuwa nimewapigia hesabu. Wingu lao likitua jioni, hakuna raha ya kufungua paa.

Spea ndiyo vita ya sasa. Duka zima la Makoroboi lina vioo vya Toyota vya kila aina, ukitaja Mazda wanakuuliza ni lori? Chujio la oili nimepata, breki za mbele nimeagiza Dar. Balbu ya taa ya eabegi fundi ameirudisha, ili iwake na abiria wangu aione. Kinachonikosesha usingizi ni turubai, ambalo limechanika kwenye mkunjo upande wa dereva, na mvua za vuli zimekaribia. Nimeliziba kwa kiraka cha viti vya daladala. Kama kuna msomaji anayemfahamu mtu anayeshona turubai za magari ya aina hii, awe Mwanza, Musoma au Shinyanga, tafadhali anielekeze.