Mwanzi Uko Chini ya Udongo

Kazi yangu ni kutunza bustani za watu hapa Hodge Hill, mashariki mwa Birmingham. Nilizaliwa karibu na msitu wa Nyandarua, Kenya, nikaijua mianzi huko kabla ya kuikuta nyuma ya nyumba za matofali. Hapa wengi wanaiogopa. Mimi naiheshimu, na kila anayeniita ning'oe mianzi yake namweleza kwanza inavyoishi.

Mmea wenyewe ni shina linalotambaa chini ya udongo. Ukichimba kando ya uzio utalikuta: la manjano, gumu, lenye mafundo, ncha yake kali imeshapenya hadi kwa jirani. Kila fundo lina jicho linaloweza kuchipua. Kufyeka juu hakusaidii, maana akiba ya chakula iko chini. Nachimba mtaro, nalifuata shina hadi nchani, nalitoa lote.

Tabia hiyohiyo ndiyo inayoushika mlima. Kule Nyandarua, Mlima Kenya na Mau, mwanzi wetu wa asili, Oldeania alpina, hutawala kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400 hadi 3,000. Mashina yaliyosukana hushikilia udongo wa miteremko, na majani makavu hunywa mvua na kuiachia mito polepole. Bongo na nyati hujificha humo. Katika milima ya Virunga, gorila hufuata machipukizi msimu wa mvua. Kivuli cha mianzi huizuia miti, lakini eneo zima likichanua, mianzi hufa, mwanga hufika chini na miche ya miti hupata nafasi.

Lakini si kila mwanzi hutambaa hivyo. Ernest Wilson, mkusanyaji mimea aliyewahi kufanya kazi Birmingham Botanical Gardens, alikusanya mwanzi mmoja katika milima ya Hubei, China, mwaka 1907. Unaitwa Fargesia murielae, kwa jina la binti yake Muriel. Huota kichaka, hautambai mbali. Miaka ya 1990 ulichanua kwa pamoja katika bustani nyingi za Ulaya, ukafa, ukaacha mbegu. Kwa bustani ndogo za huku, huo ndio ninaoshauri.

Nao ndugu wa nyumbani hunipigia simu kuuliza kama wafyeke mianzi ya mteremkoni wapande viazi. Nawakataza bila kusita. Kule kutambaa ninakolipwa kukukomesha huku, ndiko kunakowashikia udongo na maji yao.