Santuri za Kaka

Wahenga walisema akiba haiozi. Nami niliamini hivyo mpaka siku nilipokabidhiwa sanduku la santuri 31 za marehemu kaka yangu, nikajifunza kwamba akiba yaweza isioze na bado isilike.

Kaka aliishi Eindhoven, Uholanzi, mji ambako kampuni ya Philips ilianzishwa mwaka 1891. Alikuwa fundi umeme, na mapenzi yake makubwa yalikuwa muziki wa okestra. Sebuleni kwake alipanga spika sita: tatu mbele, mbili nyuma, na moja kubwa ya sauti nzito pembeni. Katikati aliweka kiti kimoja. Kila nilipomtembelea kutoka Den Haag aliniambia, "Mdogo wangu, kaa hapa." Mimi nilikaa karibu na dirisha nikasoma gazeti. Niliuona ule kuwa mchezo wa mtu mwenye fedha za kutupa. Siku moja nilimwambia kwamba kwetu nyumba nzima ilisikiliza redio moja na hakuna aliyekufa. Alicheka, lakini tangu siku ile hakuniita tena kitini.

Santuri moja aliipenda kuliko zote. Ilirekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa Concertgebouw, Amsterdam, na yeye alikuwamo miongoni mwa wasikilizaji. "Mimi nimo humu," alikuwa akisema, huku akigonga jalada kwa kidole.

Wiki chache baada ya mazishi, mashine yake ya kuchezea santuri iligoma. Fundi aliifungua, akatuambia leza imechoka na kipuri chake hakitengenezwi tena. Basi nikaitia santuri ile katika kompyuta. Muziki ukatoka, nikashusha pumzi. Mtoto wa kaka, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatikisa kichwa. "Baba mdogo," akasema, "hilo ni ganda tu."

Akanieleza, nami namweleza msomaji kama nilivyoelewa. Santuri hizi huitwa SACD. Sony na Philips walizitoa mwaka 1999. Nyingi zina matabaka mawili. Tabaka la kwanza ni sidii ya kawaida: sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na njia ni mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Tabaka la pili hupima mara 2,822,400 kwa sekunde, yaani mara 64 zaidi, ingawa kila kipimo ni kidogo sana, biti 1 badala ya 16. Nalo laweza kubeba njia sita. Leza ya sidii hulipenya tabaka hilo kana kwamba halipo. Leza inayosoma DVD ndani ya kompyuta ina mwanga wa kulifikia, ila haina ufunguo. Watengenezaji waliogopa wizi, wakafunga mlango, na kompyuta za nyumbani hazikupewa ufunguo wake.

Ajabu ni kwamba ufunguo ulikuwa umelala chini ya kitanda cha kijana. PlayStation 3 za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwaka 2006, ziliweza kucheza SACD. Matoleo ya baadaye yalinyang'anywa uwezo huo. Miaka kadhaa baadaye wajuzi wa programu walipata njia ya kuifanya mashine hiyo inakili tabaka zima kwenye diski ya nje, mradi programu yake ya ndani iwe ya zamani. Ya kijana ilikuwa haijaguswa miaka mingi. Uvivu wake ndio uliotuokoa.

Nilijiuliza kama naiba. Sheria za nchi hazifanani katika jambo la kufungua kufuli za namna hii, na sikulichukua kwa wepesi. Lakini santuri ilinunuliwa kwa jasho la kaka, na nakala yake haikuwa ya kuuzwa wala kugawiwa. Ingebaki pale pale nyumbani.

Kazi ilichukua zaidi ya saa moja. Faili lilitoka vipande vipande, kwa kuwa diski yetu ilipangwa kwa mtindo wa zamani usiokubali faili linalofika gigabaiti 4. Tukaviunganisha. Programu nyingine ikalifungua lile faili na kutoa nyimbo moja moja, kila wimbo na njia zake sita. Mwisho tukazigeuza kuwa FLAC za vipimo 88,200 kwa sekunde, kwa sababu 2,822,400 hugawanyika kwa hesabu hiyo bila kubakiza kitu.

Ndipo nikakaa katika kiti cha kaka kwa mara ya kwanza. Nikamwomba kijana azime njia nyingine zote na kubakiza ya 5 na ya 6, zile za nyuma. Okestra ikaenda mbali. Kilichobaki ni ukumbi wenyewe: mwangwi, mlio wa kiti, mtu akikohoa na kujizuia. Wimbo ulipokwisha makofi yakalipuka nyuma ya masikio yangu, mamia ya mikono, na miwili kati yake ilikuwa ya kaka. Mingapi ilikuwa mbele yake, mingapi nyuma, siwezi kujua. Nilimtafuta kama mtu anavyotafuta uso katika picha ya shule. Shemeji alikuja kutoka jikoni, akasimama nyuma ya kiti mpaka makofi yakaisha, kisha akarudi jikoni bila kusema neno.

Kwa miaka mingi kaka alikuwa akinionyesha mahali alipo, nami nikashughulika na gazeti. Sikukosa masikio, nilikosa kuhama kutoka dirishani hatua tatu.

Santuri 30 zimebaki. Mashine ya kijana nayo ni mzee sasa, na feni yake hulia kama inayopanda mlima, kwa hiyo tunaipumzisha na kutoa santuri moja kwa wiki. Nakala tunaziweka mahali pawili, kwake na kwangu. Kila Jumamosi napanda treni ya Eindhoven, na nikifika nakaa katikati.